Popo wa Pemba na panya buku: kwa nini mmoja yuko hatarini na mwingine yupo tele?

mwalimu_wete:
Asalaam alaikum wadau. Natayarisha somo la baiolojia, nalinganisha popo wa Pemba (Pteropus voeltzkowi) na panya buku. Wanafunzi wengi wanaamini popo ni panya aliyeota mbawa. Nataka tofauti zinazoshikika. Pia, buku anawindwa huko bara na bado yupo tele. Kwa nini popo ndiye aliye hatarini? Na tunda likiliwa usiku, nitajuaje ni nani kala?

chonge_na_mbawa:
Waalaikum salaam mwalimu. Anza na meno. Buku ana jozi moja ya meno ya mbele juu na moja chini, yanakua maisha yake yote, ndiyo maana hana budi kutafuna. Nyuma yake kuna pengo, halafu magego. Popo ana chonge za kutobolea ganda na magego mapana ya kukamulia. Kwa nasaba popo yuko karibu zaidi na farasi kuliko na panya, na panya yuko karibu zaidi na binadamu kuliko na popo! Hilo liandike ubaoni, litawakaa.

Kuhusu tunda: buku huacha mifereji miwili midogo iliyo sambamba, na akipata punje au karanga huzijaza kwenye vifuko vya mashavuni akazifiche shimoni. Popo hukamua embe, humeza maji yake na kutema makapi makavu yaliyobanwa, kama machicha ya nazi. Tafuta makapi hayo hata chini ya miti ya jirani, maana mara nyingi huondoka na tunda akalilie kwingine. Mbegu ndogo za tini hupita tumboni kwa muda mfupi, akazidondosha mbali. Msitu unapandwa hivyo.

hesabu_za_jioni:
Nijazie la hatari, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea: wanatazama ukubwa wa mnyama badala ya kasi ya kuzaa. Buku hubeba mimba mwezi mmoja hivi na huweza kuzaa watoto wanne, zaidi ya mara moja kwa mwaka. Popo huyu huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Majike 100 hawawezi kuongeza zaidi ya watoto 100, hata wote wapone.

Halafu yeye hulala mchana mtini, mamia pamoja, waziwazi. Bunduki moja ya marisau chini ya mti huo huua mama pamoja na mtoto aliyemng'ang'ania kifuani. Buku wamesambaa mashimoni, na ukimaliza wa shamba moja, wa shamba la pili wanahamia. Popo huyu yupo Pemba peke yake duniani. Hakuna atakayekuja kuziba pengo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walihesabiwa mamia tu. Wanakijiji walipolinda malalo ya popo (miti wanayolala mchana), kama ya Kidike hapa Pemba, popo walipanda hadi kukadiriwa 22,000 hivi mwaka 2007. Kwa hiyo ulinzi unafanya kazi, lakini majira machache ya uwindaji huru yanatosha kuubomoa.

mwalimu_wete:
Shukrani sana. Tukitaka kuwahesabu na wanafunzi?

hesabu_za_jioni:
Popo hesabuni wakitoka, si wakiwa mtini, kwani majani huficha wengi. Kaeni mbali na mti, mbingu ya magharibi iwe nyuma yao, mfike nusu saa kabla ya jua kutua. Kila upande watu wawili. Wakimiminika, hesabuni kwa makumi. Malalo yote yahesabiwe jioni hiyohiyo, la sivyo waliohama watahesabiwa mara mbili. Mvua ikinyesha, ahirisheni. Msipige kelele chini ya mti mchana, na popo aliyeanguka asiguswe kwa mkono mtupu.

Buku ni kazi nyingine kabisa: mitego ya kizimba karibu na shimo, chambo siagi ya karanga na pumba, alama kwa kila aliyenaswa kisha mnamwachia na kutega tena. Mitego ikaguliwe alfajiri, kwa sababu jua likipanda mnyama hufa kizimbani.