Ajali ya Mama: kikundi cha familia, Kibosho

07:12 Dada Mkubwa: Bwana Yesu asifiwe. Mama ameamka, kanywa uji nusu kikombe. Eksirei inaonyesha mtulinga wa kulia umevunjika, na goti limevimba sana. Kichwa kiko salama, tumshukuru Mungu.

07:14 Wifi: Jamani Mama yetu 😭 Ile kosta ilikuwa inakimbilia nini?

07:16 Dada Mkubwa: Anasema walipofika Kwasadala dereva alitanua kulipita lori, akaona gari linakuja mbele yake, akarudi kwa nguvu na kuligonga lori nyuma. Mama alikaa safu ya pili, dirishani.

07:21 Kaka: Mwenye gari kanipigia. Anakuja wodini saa nne na laki tatu za matibabu. Tusaini tu kwamba tumepokea.

07:22 Shem: Karatasi hiyo asisaini mtu yeyote! Nawaomba sana.

07:25 Shem: Hela ya dawa pokeeni, ila maneno ya kupokelea andikeni wenyewe. Karatasi yangu mwaka 2016 ilikuwa na mstari mmoja chini: "sina madai mengine". Nilisaini nikiwa na maumivu, sikuuona. Mguu ulipopasuliwa mara ya pili niliuza ng'ombe wawili.

07:27 Kaka: Pole shem, hukuwahi kutuambia. Ila huyu mtu kaongea kwa unyenyekevu, isije ikaonekana tunamkomoa.

07:29 Shem: Hatumkomoi. Abiria analindwa na bima ya gari lile, hiyo ndiyo ilipe. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iko wapi?

07:30 Dada Mkubwa: Ninayo. Daktari bado hajaijaza.

07:33 Shem: Msiondoke hapo bila kujazwa, na uisome yote. Mtulinga uwemo, goti nalo liwemo. Goti lisipoandikwa leo, likianza kumsumbua baadaye watasema kaumia shambani. Ipige picha pande zote kabla haijarudi polisi. Risiti zote weka kwenye bahasha moja, hata ya bodaboda iliyofuata dawa.

07:35 Wifi: Na majeraha? Mama hataki kupigwa picha.

07:36 Dada Mkubwa: Nitamweleza ni za faili, haziji humu. Nitapiga leo na keshokutwa, maana weusi wa bega unazidi kushuka mkononi.

07:40 Shem: Vizuri dada. Kaka, wewe panda gari ushuke Bomang'ombe, kosta bado iko kituo cha polisi. Piga picha namba ya gari na tairi. Ukiingiza namba ile kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni utaona ni kampuni gani imeikatia bima na inaisha lini. Kwa trafiki chukua namba ya jalada, uulize kama ramani ya ajali imechorwa.

07:42 Kaka: Navaa viatu.

07:44 Baba Mdogo: Wanangu, kuna jambo moja. Ulizeni dereva anafikishwa mahakamani lini. Akikiri kosa, kesi inaweza kuisha siku hiyohiyo, analipa faini anaondoka, na nyie hamna habari. Bima huiulizia sana nakala ya hukumu ile. Kufungua madai mahakamani mna miaka 3, lakini abiria wenzake Mama, ambao ni mashahidi, wiki hii ikipita mtawatafuta wapi?

07:46 Shem: Kweli Baba Mdogo. Na tiketi? Mama alipewa tiketi?

07:48 Dada Mkubwa: Anasema alipewa. Aliifunga kwenye pindo la kanga.

07:48 Dada Mkubwa: Kanga iko wapi? Nani aliondoka na nguo za Mama???

07:49 Mdogo wetu: Mimi. Nimeziloweka

07:49 Wifi: Mungu wangu

07:50 Mdogo wetu: Subirini

07:57 Mdogo wetu: [Picha] Imepatikana. Fundo lilikaza sana, nimelifungua kwa meno. Jina limesambaa wino, lakini namba ya gari na tarehe zinasomeka. Blauzi yenye damu sijaiweka majini bado.

07:58 Shem: Blauzi usiifue. Tiketi ianike kivulini, usiipige pasi. Asante sana mdogo wangu.

08:03 Dada Mkubwa: Mama anasema aliyemfunga mkono kwa sweta ni kijana wa chuo aliyekaa naye kiti kimoja. Jina halijui.

08:04 Baba Mdogo: Habari ya ajali nani alikupigia jana?

08:05 Dada Mkubwa: Namba ngeni. Sauti ya kijana. Nilidhani ni konda!

08:19 Dada Mkubwa: Ni yeye. Nimempigia, yuko Moshi. Alipiga picha kabla magari hayajasogezwa, na yuko tayari kuandika maelezo polisi. Anakuja mchana kumwona Mama. Sweta yake nimeikunja, iko hapa kitandani.