Mto Kiwira ukifurika, nani aitaarifu Kyela?

Mkazi wa Kyela:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Mto Kiwira unashuka kutoka Rungwe na kupita kwetu kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Masika yaliyopita tuliyaona maji yamegeuka rangi ya udongo, yakibeba migomba mizima, saa chache kabla hayajavamia mashamba ya mpunga, ilhali kwetu tone la mvua halikuwa limeanguka. Je, halmashauri ya Rungwe, huko juu mtoni, ina utaratibu wowote wa kuitaarifu ya Kyela, huku chini?

Mstaafu, Tukuyu:
Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia ngazi ya kijiji, na kwa kuwa wilaya zote mbili zimo Mkoa wa Mbeya, kamati ya mkoa ndiyo inayoziunganisha. Kwa maoni yangu, hata hivyo, taarifa inayopanda hadi Mbeya mjini ndipo iteremke Kyela itawakuta maji yameshaingia sebuleni.

Mtendaji wa kijiji, Rungwe:
Nakubaliana na mzee. Watendaji wa kata za kandokando ya mto wapeane namba za simu, na kila masika yanapokaribia wazihakiki, maana watendaji huhamishwa. Sisi tumechora mstari mwekundu kwenye nguzo ya daraja. Maji yakiufikia, nampigia mwenzangu wa chini moja kwa moja.

Mkazi wa Kyela:
Shikamoo mzee, nawe mtendaji ahsante. Usiku mstari huo hutazamwa na nani?

Mtendaji wa kijiji, Rungwe:
Kwa sasa, hakuna.