Kikundi cha familia: Paa la Bibi

Binamu: Shikamooni wakubwa. Nimepanga kwenye jedwali vihatarishi vyote mlivyotaja vya kazi ya kutengeneza paa la Bibi, yaani mambo yanayoweza kutuharibia kazi. Uwezekano wa kutokea 1 hadi 5, athari 1 hadi 5, tunazidisha. Kuanzia 15 nyekundu, 6 hadi 14 njano, chini ya hapo kijani.

Binamu: [Picha]

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mbona michango kuchelewa imepewa 25?

Binamu: Ni alama za Baba Mdogo hizo.

Baba Mdogo: Ndiyo, watu wanne hawajatoa mpaka leo!

Dada: Shikamoo Baba Mdogo. Kama hawajatoa, hicho si kihatarishi tena, limeshatokea. Kihatarishi kinaweza kutokea au kisitokee. Hilo tulitoe kwenye jedwali, mweka hazina awapigie simu.

Mjomba: Mweka hazina amesikia 😅

Dada: Mimi kinachonisumbua ni hapo kwenye kijani. Fundi kudondoka kutoka juu: uwezekano 1, athari 5, jibu 5. Rangi ya bati jipya kutofanana na la zamani: 5 mara 1, jibu 5. Yaani mtu kuvunjika mgongo na bati kupishana rangi vimekaa pamoja. Jamani!

Kaka: Hesabu ndiyo imesema hivyo, dada 😂

Dada: Hizo namba ni za kupanga foleni tu. Athari ya 4 haimaanishi ni mara mbili ya 2. Wa kwanza na wa pili kwenye mbio, utajuaje walipishana sekunde ngapi? Ukishazizidisha zinaonekana za kitaalamu, na watu wanaacha kuuliza.

Binamu: Kuna mtaalamu wa uchambuzi wa hatari anaitwa Louis Anthony Cox, aliandika kuhusu hili mwaka 2008. Alionyesha kwamba jedwali linaweza kuipa hatari ndogo daraja kubwa kuliko hatari kubwa, na kwamba hatari zilizopishana mno zinaweza kuangukia daraja moja.

Baba Mdogo: Basi tulitupe, tumwite fundi aanze kazi.

Binamu: Hapana Baba. Kabla ya jedwali hakuna aliyekuwa ametaja fundi kudondoka. Wote tulikuwa tunabishana rangi.

Shangazi: Hapo kweli. Basi iwe hivi: chochote kinachoweza kumuumiza mtu vibaya hakikai kijani, hata uwezekano uwe mdogo vipi.

Kaka: Sawa kabisa. Halafu Binamu, mbona nusu ya jedwali ni 3 kwa 3?

Binamu: Asiyejua anaweka katikati.

Dada: Kwa sababu hatukusema 3 ni nini. Tuandike kwa maneno. Athari 3, kazi inasimama hadi wiki moja. 4, Bibi hawezi kulala kwake. 5, mtu kaumia vibaya. Na uwezekano tumuulize fundi, sisi tunakisia tu: 1, hajawahi kukutana nalo, 5, hulikuta karibu kila kazi.

Mjomba: Mimi naangalia mvua. Mmeipa 2 kwa 4, ni 8, njano. Lakini hiyo 2 ni kama tukianza tarehe tuliyopanga. Michango ikichelewa wiki tatu zaidi, paa litafunguliwa wakati mvua zimeshaanza. Hapo uwezekano ni 4 au 5.

Kaka: Eh!

Binamu: Mjomba umegusa penyewe. Jedwali linaweka kila jambo kwenye kisanduku chake kana kwamba hayajuani. Kwa alama mpya mvua ni 16 hadi 20, nyekundu, na chanzo ni michango ile ile.

Mjomba: Ndiyo maana nasema paa lisiguswe mpaka bati zote ziwe zimefika uwanjani. Si hela tu, bati zenyewe.

Shangazi: Na wafungue upande mmoja kwanza. Wakiumaliza, ndipo waende wa pili. Turubai liwe tayari.

Binamu: Tukifanya hivyo, mvua ikinyesha inalowanisha upande mmoja tu, Bibi anahamia chumba cha pili. Athari inashuka 4 hadi 2. Nitaandika alama ya kabla na ya baada, tuone kinachobaki.

Baba Mdogo: Na kenchi? Zikiwa zimeoza je?

Dada: Hilo tusilipe alama sasa. Fundi apande aangalie kwanza, ni kazi ya asubuhi moja.

Kaka: Rangi ya bati?

Shangazi: Tunaipokea ilivyo. Bibi mwenyewe kasema hajali.

Binamu: Basi kila kilichobaki kiwe na mtu wake. Mvua na bati, Mjomba. Turubai, Kaka. Mikanda na kamba za fundi?

Baba Mdogo: Fundi ana vyake.

Dada: Ana vyake au anasema ana vyake? Niandike mimi. Atakapopanda kuangalia kenchi nitakuwepo, nione amevaa nini.

Binamu: Nimekuandika.