Banda la futi 20 kwa 15 Ruai: nichukue vifaranga wa aina gani, na niwachanje vipi?

TeteaWaRuai

Hamjambo wadau. Nina banda la futi 20 kwa 15 huku Ruai, Nairobi: mabati pande zote, sakafu ya simiti, umeme upo ila hukatikakatika. Nimepanga kuleta vifaranga 200 wa siku moja mwanzoni mwa Julai. Nataka mayai ya kuuza hapa mtaani, na majogoo niwauze wakikomaa. Nimetajiwa kienyeji wa KALRO (shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo), Kuroiler, Sasso, Kenbro na Isa Brown, na kila muuzaji anasifu wake. Kwa banda hili na soko hili nichukue yupi? Na ratiba ya chanjo ikoje? Maji ni ya bomba, siku nyingine ya kisima.

MizaniYaChakula

Anza na idadi kabla ya aina. Futi 20 kwa 15 ni futi mraba 300. Kuku mkubwa anayefugwa ndani anahitaji futi mraba 2, kwa hivyo hapo ni kuku 150, na hujatoa bado nafasi ya masanduku ya kutagia. Ukiwabana 200, maranda yatalowa, hewa ya amonia itawawasha macho na kifua, kisha wataanza kudonoana hadi damu.

Sasa aina. Hao watano hawafanyi kazi moja. Isa Brown ni wa mayai tu. Vifaranga wake huuzwa wakiwa wamechambuliwa, majike peke yao, huanza kutaga wiki ya 18 hadi 20 na akilishwa sawasawa hufikia mayai karibu 300 kwa mwaka. Mwili wake mdogo na hajui kuatamia. Sasso na Kenbro ni wa nyama kuliko mayai. Kuroiler, wa asili ya India, yuko katikati: anakua upesi, anataga kiasi, ila anakula sana. Kienyeji wa KALRO Naivasha amezalishwa kutokana na kienyeji wa humu humu nchini, anajua kujitafutia, na huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi.

Usichague kwa sifa za muuzaji, chagua kwa hesabu ya chakula. Kuku wa mayai anakula gramu 120 kwa siku. Isa Brown 150 watamaliza kilo 18 kila siku, yaani gunia la kilo 70 halifikishi siku nne. Wakitaga kwa asilimia 80 unapata mayai 120, trei 4. Kwa hivyo kila trei imekula kilo 4 na nusu. Matetea wa kienyeji 150 wanaokula gramu 110 na kutaga asilimia 50 wanakupa trei 2 na nusu kwa kilo 16 na nusu, na hapo trei moja imekula kilo 6.6. Chukua bei ya kilo moja ya chakula hapo Ruai, uizidishe mara 4.5 na mara 6.6, kisha ulinganishe na bei ya trei mtaani kwako. Kama wateja hawalipi zaidi kwa yai la kienyeji, kienyeji atakula mtaji wako.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: vifaranga wa kienyeji kwa kawaida huuzwa bila kuchambuliwa. Ukinunua 150, karibu 75 ni majogoo. Kwako si hasara maana unawataka, lakini trei zako uzipange kwa matetea 75, si 150.

Kwa maelezo yako, kwamba unataka mayai na majogoo pia, ningechukua kienyeji wa KALRO 150, kundi moja, umri mmoja. Usichanganye Isa Brown na kienyeji kwenye banda moja. Mahitaji yao ya chakula ni tofauti, na kienyeji atamwonea mwenzake kwenye kilishio.

JogooMwekundu

Naunga mkono, na niongeze hili. Ukichukua Kuroiler, Sasso au Kenbro, usiangue mayai yao ukitarajia kupata kuku kama mama yao. Hao ni chotara. Kizazi cha pili hutoka mchanganyiko, huyu mkubwa, yule mdogo, na kasi ya kukua inapotea. Kila kundi jipya unarudi kununua vifaranga.

BrudaMoto

Umesema Julai. Huo ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, hapa Nairobi. Usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, na banda la mabati halishiki joto. Vifaranga wanataka nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza nyuzi 2 au 3 kila wiki.

Kwa vifaranga 150 tengeneza duara la kadibodi ngumu lenye upana wa futi 7 na kimo cha futi moja na nusu. Usiache pembe, kwa sababu wakihisi baridi hurundikana pembeni na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Panua duara kila baada ya siku chache. Wiki ya tatu liwe limezidi mara mbili. Chini weka maranda ya inchi 3, si vumbi la mbao. Kifaranga hulidhania vumbi kuwa chakula, akalijaza tumboni.

Umeme ukikatika unahitaji jiko la makaa tayari. Liwashwe nje hadi makaa yawe mekundu na moshi uishe ndipo liingie, na liwekwe juu ya matofali, lizungushiwe waya. Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta usiku kucha. Watu huziba kila tundu kwa magunia sababu ya baridi, na hewa ya makaa, isiyo na harufu, inawamaliza vifaranga kabla ya alfajiri. Hewa hiyo inaua hata mtu, kwa hivyo usilale humo. Ziba pande za chini zinazopitisha upepo, juu paache wazi.

Washa joto saa kadhaa kabla hawajafika. Wakifika wape maji kwanza, yenye glukosi gramu 50 kwa lita kwa saa chache za mwanzo, halafu chakula juu ya karatasi. Muda wa saa nane ukipita tangu wafike, papasa gole, ule mfuko wa chakula shingoni, la vifaranga kumi. Likiwa limejaa na laini, wamekula na kunywa. Likiwa gumu, wamekula ila hawajapata maji. Likiwa tupu, rudi uangalie joto. Kipimajoto kinasaidia, lakini watazame wenyewe: wakijikunja chini ya taa ni baridi, wakikimbilia ukingoni midomo wazi ni joto, wakikaa upande mmoja wote kuna upepo unaingia upande wa pili.

KabeteChanjo

Ratiba kwa kundi lako, isipokuwa kituo cha kuangulia vifaranga kilichokuuzia kikikupa yake:

Siku ya 1: Marek (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku), huchomwa kituoni. Uliza kama imefanyika.
Siku ya 10: Gumboro (ugonjwa wa virusi unaovunja kinga ya kifaranga). Siku ya 18: Gumboro tena.
Siku ya 21: Nyukaso, yaani mdondo, pamoja na bronkaitisi, ugonjwa wa njia ya hewa.
Wiki ya 6: ndui ya kuku.
Wiki ya 8: mdondo mara ya pili, na taifodi ya kuku kwa sindano.
Wiki ya 18: mdondo tena, kisha kila miezi mitatu.

Gumboro hutolewa mara mbili kwa sababu kifaranga huzaliwa na kinga ya mama yake, na kinga hiyo huiua chanjo. Kwa wengine inaisha mapema, kwa wengine inachelewa. Dozi ya pili ni ya hawa waliochelewa. Usiiruke.

Lakini ratiba nzuri si kitu kama chanjo imekufa njiani. Chanjo hizi nyingi ni virusi hai. Zinakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwa hivyo nenda dukani na chupa ya kuhifadhi baridi yenye barafu, na ukiona muuzaji anaitoa kabatini badala ya friji, ondoka. Kuku 150 wanunulie chupa ya dozi 200. Ile ya dozi 100 huwezi kuinyoosha iwatoshe.

Za Gumboro, mdondo na bronkaitisi hutiwa kwenye maji ya kunywa. Maji ya bomba ya Nairobi yana klorini, na klorini inaua chanjo. Yachote jioni, uyaache wazi kwenye ndoo ya plastiki hadi asubuhi. Tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, koroga, subiri nusu saa, ndipo utie chanjo. Kipimo cha maji: kwa kuku 1,000, lita ni sawa na umri wao kwa siku. Kwa 150 siku ya 10 ni lita 1.5, siku ya 18 ni lita 2.7, siku ya 21 ni lita 3.2. Waondolee maji saa moja au mbili kabla, wape alfajiri, na yaishe ndani ya saa mbili. Vinyweo viwe vya kutosha theluthi mbili yao kunywa kwa wakati mmoja, vioshwe kwa maji matupu bila dawa wala sabuni. Kuku mgonjwa hachanjwi.

Ya ndui inadungwa kwenye ngozi ya bawa. Baada ya siku 7 hadi 10 angalia alama. Kusipokuwa na kigaga, haikushika, rudia.

TeteaWaRuai

Asanteni sana, nimeshusha hadi 150. Moja zaidi: jirani ana wa wiki nne, wanahara damu na wamesinzia. Ameambiwa awape dawa ya koksi pamoja na vitamini wapate nguvu. Ni sawa?

KabeteChanjo

Si sawa, na kosa hilo ni la kila siku. Damu kwenye choo kwa umri huo mara nyingi ni koksidiosi (ndiyo hiyo koksi), ugonjwa wa utumbo unaoletwa na kijidudu, na dawa inayotumika sana ni amprolio. Inafanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, ili kijidudu kikose ile ya kweli. Ukimpa kuku vitamini zenye B1 wakati huo huo, unakilisha kijidudu. Unga wa asilimia 20 ni gramu 1.2 kwa lita kwa siku 5, kama maelezo ya pakiti hayasemi vingine. Vitamini zifuate siku ya sita.

Chanzo ni maranda mabichi. Shika konzi, ukamue: likibaki donge limelowa, likisambaratika liko sawa. Inua vinyweo vilingane na mgongo wa kuku, toa sehemu zilizoganda, geuza yaliyobaki kila siku.

Kama ni choo cheupe cha majimaji, kutetemeka na vifo vingi vya ghafla kati ya wiki 3 na 6, fikiria Gumboro. Ikiwa ni shingo kupinda, kukoroma na choo cha kijani, fikiria mdondo. Hayo mawili hayana dawa, antibiotiki haitayagusa. Jirani asiharakishe kuwapeleka wagonjwa sokoni, kwa maana ndivyo mdondo unavyofika kwenye banda lako. Achukue wawili walio hai lakini wagonjwa na mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, awekwe kwenye baridi bila kugandishwa, awapeleke Kabete, maabara kuu ya mifugo au kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Na aende na jina la kila dawa aliyokwisha kuwapa.