Mrejesho: bangili za shanga za mama watoto

Wapendwa, ni yule baba wa Kayole aliyeuliza atengeneze nini na watoto (miaka 5 na 8) wampe mama yao. Asanteni sana.

Nilishuka River Road nikanunua shanga na uzi wa mpira. Aliyesema shanga za tundu kubwa kwa mdogo, Mungu akubariki. Kutandaza taulo mezani pia kulisaidia, hazikudunda hadi chini ya kochi. Na ile ya kubandika selotepu mwisho wa uzi ndiyo iliyotuokoa, maana mdogo huinua kazi yake kila dakika kuionyesha.

Hereni zilitushinda. Vile vijiti vya bei rahisi vilimwasha mama masikio siku hiyo hiyo, nikavitoa.

Bangili ya mkubwa nayo ilikatikia kwenye matatu, shanga zikamwagika zote. Kosa langu: sikuuvuta uzi kwanza ulegee kabla ya kutunga, ingawa mliniambia. Tulirudia, tukauvuta, tukapitisha fundo mara mbili na tone la gundi. Wiki ya tatu hii, bado iko mkononi. Ya mdogo ina shanga nyekundu tupu na moja ya kijani. Hataki kueleza kwa nini.