Wakuu, "esperamos" ya Kihispania: wananisubiri au wanatumaini tu?

Mguu_wa_Meru: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, Kihispania najifunza mwenyewe. Kuna familia ya Valencia inataka kwenda Ngorongoro, na leo baba yao kaniandikia: "Esperamos a que nos confirmes la fecha para pagar el resto." Kamusi inasema esperar ni kusubiri, kutumaini na pia kutarajia. Sasa hawa wanasubiri niwathibitishie tarehe ndipo wamalizie malipo, au wanatumaini tu kwamba nitathibitisha? Ni wateja wangu wa kwanza kutoka Hispania, nataka niwajibu sawasawa. Anayeijua lugha anisaidie.

Binti_Ngamiani: Mkuu, wanakusubiri wewe. Tazama hiyo "a" kabla ya "que". Esperar a que ni kusubiri mpaka jambo litokee. Angeandika "esperamos que nos confirmes", kwa kawaida ungeelewa wanatumaini utathibitisha. Usihangaike na "confirmes", kwa kuwa inabaki hivyo hivyo kwa kusubiri na kwa kutumaini. Wape tarehe leo leo.

Mzee_Kilindini: Yuko sahihi. Esperar ikifuatwa na mtu, mara nyingi ni kusubiri: "espero a mi hermano", namsubiri kaka yangu. Ikifuatwa moja kwa moja na kitenzi kinachoishia na r, ni kutumaini: "espero verte" (ver, kuona, pamoja na te, wewe), natumaini kukuona. Halafu kwa kazi yako shika na hii: wakikwambia mmoja wao "está esperando un hijo", huyo ni mjamzito. Njia ya kushuka kreta ina mitikisiko, kwa hiyo mwambie dereva mapema aende taratibu.

Mguu_wa_Meru: Asante sana mzee, hiyo ya ujauzito sikuijua kabisa. Dada, nimjibu kwa maneno gani?

Binti_Ngamiani: "Os confirmo la fecha", kisha tarehe yenyewe. Hiyo "os" ni ya Hispania, kwa kundi mlilozoeana nalo, na yeye keshakuita tú, yaani "wewe" ya waliozoeana. Wangekuwa wa Meksiko ungeandika "les". Malizia na "Os esperamos en Arusha", hapo unawakaribisha.

Mguu_wa_Meru: Nimetuma, na kajibu papo hapo: "Perfecto, mañana pagamos." Mañana si asubuhi jamani?

Mzee_Kilindini: Hapo ni kesho. Kesho asubuhi angeandika "mañana por la mañana".