Mlezi wa kituo cha watoto lazima awe na cheti?

MamaWawili_Mbezi: Wadau, kituo ninachompeleka mwanangu wa mwaka na miezi minne kimeleta mlezi mpya. Nimemuuliza kasomea wapi, kanijibu, "Nimelea wadogo zangu sita." Mwenye kituo anasema yatosha. Mimi naona asiyesomea malezi asipewe watoto wa watu. Nyumbani nilishakoma kumwachia beki tatu wa darasa la saba.

Chuma_Tandika: Mama yangu kalea tisa, hajui hata mlango wa chuo. Wote tupo. Ada ya kozi atalipa nani, wewe?

Mlezi_Kigamboni: Dada, hilo neno beki tatu limeniuma. Nina darasa la saba. Nimekaa kwenye nyumba za watu miaka mitano, nalala jikoni, na watoto wao waliniita mama. Leo nina cheti cha malezi. Tuite dada wa kazi, au tuite kwa majina yetu.

MamaWawili_Mbezi: Sikukulenga wewe. Lakini wangu alimwacha mtoto na pampasi ya asubuhi mpaka jioni, ngozi ikachubuka. Niseme nini?

Kijana_wa_Mwanga: Chuo cha Kisangara huku kwetu Mwanga wanafundisha malezi ya watoto siku nyingi tu, na chuo cha Ustawi wa Jamii Kijitonyama pia. Sheria ya Mtoto ya 2004 imeshasema vituo visajiliwe.

Bi_Zawadi: Ni ya 2009, mdogo wangu. Ya 2004 ni ya ajira. Kusajili jengo ni jambo moja, anayembeba mtoto ni jingine. Serikali ilizindua programu ya malezi na makuzi Desemba 2021. Mtaani kwangu bado naona chumba kimoja, mkeka mmoja, watoto wamelala mzungu wa nne.

Wanjiru_Mukuru: Hata huku kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo 2017. Mama akitoka kufua nguo za watu anatafuta mahali karibu na bei anayoiweza, hana muda wa kuuliza cheti. Wasomesheni hao walezi walioko, msiwafungie.

Mlezi_Kigamboni: Hapo umenena. Chuma, sikiliza. Mwaka jana mtoto wa miezi tisa alikabwa na punje ya hindi. Hakuna sauti, midomo inageuka rangi. Mwenzangu, mama wa watoto watano, akataka kuingiza kidole. Ningekuwa sijasoma ningefanya vilevile, tungeisukuma ndani. Nikamlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini kuliko kifua, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne, punje ikatoka.

Chuma_Tandika: Kwa hiyo mama zetu walikuwa wanaua watoto? Chunga kauli. Marehemu mama yangu simtanii.

Bi_Zawadi: Nani kamtaja mama yako? Mimi narudi kwa MamaWawili. Huyo dada wa pampasi ulikuwa ukimlipa ngapi? Amri ya mishahara ya 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kima cha chini kwa dada wa kazi anayelala kwa mwajiri.

MamaWawili_Mbezi: Nilimpa 50,000, chakula na sabuni juu yangu. Na mimi nalipa kodi ya nyumba!

Bi_Zawadi: Unatoka saa kumi na moja alfajiri, unarudi saa mbili usiku. Apike, afue, adeki, na mtoto mgongoni. Pampasi aikumbuke saa ngapi? Chuo gani kitamfundisha kuwa watu wawili?

MamaWawili_Mbezi: Bi Zawadi, umenisema mbele za watu. Lakini ngozi ya mwanangu niliipaka dawa mimi wiki nzima.

Chuma_Tandika: Mlezi, samahani kwa ukali. Binti yangu ana miezi saba. Ni mapigo mangapi?

Mlezi_Kigamboni: Matano. Ikigoma, mgeuze chali, vidole viwili katikati ya kifua, sukuma mara tano, kisha rudia mgongoni. Mwingine awe anatafuta usafiri wa hospitali. Kidole usiingize kama kitu hukioni. Mwonyeshe na anayebaki naye mchana.

Chuma_Tandika: Anabaki na shangazi yake. Namwonyesha leo.